Sahihi Yangu Ilipoanza Kutetemeka

Kama mkono wako umeanza kucheza wenyewe, usiufiche ndani ya leso. Mimi niliuficha kutoka palizi mpaka kuvuna, na kitu nilichopata ni bega kuuma. Nenda hospitali. Utakaa kwenye benchi mpaka miguu ife ganzi, lakini nenda.

Nasema haya sasa kwa sababu sasa nina nguvu ya kuyasema. Mwaka jana nisingeweza. Nilichoka hata kukasirika kukanishinda, na wanaonijua watakwambia hilo halijawahi kunishinda.

Mimi ni Dina Nekesa. Naishi Soy, kwenye shamba ambalo marehemu mume wangu na wenzake walilinunua kwa njia ya kampuni, mzungu alipoondoka. Wajukuu wananiita Kukhu. Shule sikusoma. Serikali ilipoanzisha masomo ya watu wazima, yale tuliyaita gumbaru, tayari nilikuwa na wajukuu wawili. Jioni tulikuwa tunakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamebanwa na mbao. Mwalimu alitufundisha kuandika majina yetu, halafu akasema kila mtu atafute sahihi yake, yenye kitu ambacho mwingine hana. Nikaandika Dina Nekesa. Kutoka kwa herufi ya mwisho nikavuta mstari kurudi nyuma chini ya jina lote, na mwisho wa mstari nikaukunja.

"Hii ni nini, Mama?" mwalimu akaniuliza.

"Ni jembe. Si ndilo limenilisha?"

Mume wangu alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na ua. Baadaye nikaenda ofisi ya kampuni huko Eldoret, ghorofani juu ya duka la vitambaa, ili hisa zake ziandikwe kwa jina langu. Niliweka sahihi mbele ya kamati, jembe na kila kitu. Wanawake wengi siku hiyo waliweka kidole gumba. Mimi nilishika kalamu, na sikuinamisha kichwa.

Tena kuna jambo lazima niliseme hapa, kwa sababu ndilo lilikuja kunikaba koo. Miaka hiyo watu walikuwa wanaleta vidole vya ajabu pale ofisini. Memba amekufa, lakini karatasi yake inaletwa ikiwa na alama ya kidole, na nani atajua ni kidole cha nani? Kwa hivyo kwenye mkutano mkuu tuliamua: aliyeandikishwa kwa kalamu abaki na kalamu. Hakuna kurudi kwa kidole. Mzee Cheruiyot, mwenyekiti wetu, akauliza ni nani wanakubali. Wa kwanza kuinua mkono nilikuwa mimi. Niliinua huu huu wa kulia.

Ugonjwa ulianzia kwa huo mkono. Haukuuma. Nikiwa nimekaa tu, kidole gumba na cha pili vinaanza kusuguana, kama mtu anayepukuchua mahindi ambayo hayapo. Nikivitazama vinatulia. Nikisahau vinaanza tena. Halafu chai ikaanza kumwagika. Mwiko ukawa mzito, na ugali wa watu wengi nikashindwa kuugeuza. Kanisani kikombe cha meza ya Bwana kiligonga meno yangu mpaka mchungaji akakishika na mkono wake. Nyuma yangu nikasikia mwanamke ananong'ona, "Huyu mama siku hizi ni busaa." Mwenzake akasema, "Si busaa. Amechezewa na mtu." Busaa wala pombe nyingine sijaonja tangu niokoke. Sikugeuka, maana hata kugeuka kulikuwa kumeanza kuwa kazi. Shingo ilikuwa inataka nigeuke mzima mzima kama gunia.

Uso nao uligoma. Ndani nilikuwa nacheka, lakini uso haukwenda popote. Wajukuu walisema Kukhu ana hasira. Wakati mwingine ilikuwa kweli.

Mwanangu Barasa anafanya kazi kiwandani na anakaa Langas, mtaa wa Eldoret, na mkewe Rebeka. Nilipoangusha sufuria ya maharagwe mbele yao, Barasa akasema, "Mama, ni uzee tu."

Rebeka akamjibu, "Uzee wa mkono mmoja umeuona wapi wewe?"

Huyo mkaza mwana wangu hatukuwa tumependana sana. Niliona anaongea haraka, na yeye aliniona mkali. Lakini ni yeye aliyenipeleka hospitali.

Kama hujakaa kwenye hospitali ya serikali, ni hivi. Unafika kabla jua halijatoka, unapewa kadi yenye namba, unakaa. Benchi ni moja refu. Mbele wakiitwa, wote mnasogea kwa makalio. Nilisogea hivyo mpaka jua likafika dirisha la upande wa pili. Kuna mama alikuwa na mtoto anayekohoa, alipoona mkono wangu unacheza akaniwekea mtoto mapajani. "Mshikie kidogo, Mama, niende choo." Mtoto akaushika ule mkono, akadhani nacheza naye, akalala. Huyo mama simjui hata jina. Lakini ndiye mtu wa kwanza aliyeona mkono wangu na bado akanipa kitu cha kushika.

Daktari alikuwa kijana mdogo. Aliniambia nitembee, nigeuke, nigonge vidole. Mwisho akanipa karatasi na biro.

"Andika jina lako, Mama."

Niliandika. Herufi ya kwanza ilikuwa sawa. Zilizofuata zikaanza kupungua, moja ndogo kuliko mwenzake, zimekunjamana, mpaka ile ya mwisho ilikuwa kama chawa. Jembe likawa mkwaruzo wa kuku. Nikaona aibu. Nikamwambia, "Hii si sahihi yangu. Ngoja nirudie."

"Usirudie," akasema. "Hii ndiyo nilikuwa nataka. Imeniambia kila kitu."

Jina la ugonjwa alinitajia, na mimi sitawachosha nalo. Aliniambia hautaniua haraka wala hautaondoka. Akanipa vidonge. Rebeka alilia kwenye ngazi. Mimi nilitaka tu kwenda kulala.

Vidonge hivyo ni kama mgeni. Unavimeza, unangoja, halafu vinafika. Mkono unatulia, miguu inakuwa myepesi, unaweza hata kufunga vifungo vya nguo. Halafu vinaaga, na unarudi kuwa gunia. Mwanzoni nilitapika sana. Kinywa kikakauka. Kuna wiki ambazo duka la dawa la hospitali lilikuwa halina kitu, na Rebeka alizunguka mji mzima akiuliza. Msimu wa kupanda ulipita nikiwa kwao Langas, nimelala, nasikia mvua kwenye mabati na kujiuliza nani ameweka mbegu kule Soy. Baridi ya Julai ilinikuta bado huko. Rebeka alikuwa ananifunga vifungo asubuhi. Mimi sikusema asante. Nilikuwa natazama ukuta. Mtu ambaye hajafungwa nguo na mke wa mwanawe asiniambie kwamba nilikuwa na kiburi.

Wakati huo ndipo habari ilikuja kwamba kampuni lazima igawanye shamba, kila memba apate sehemu yake na hati yake. Kila mmoja akapewa karatasi ya kukubali, aende nayo nyumbani, aweke sahihi, airudishe. Baada ya hapo itakuja siku ya kupiga kura ya ploti, kila mtu achote namba ya sehemu yake, na asiyetimiza atawekwa kwenye orodha ya wenye kesi. Watu wa orodha hiyo tuliwajua. Wengine walikuwa wamekufa wakiwa ndani yake, na mashamba yao yanalimwa na watu wasiowajua.

Nilimeza kidonge, nikangoja kifike, nikaweka sahihi. Barasa akaipeleka. Akarudi nayo. Imeandikwa kwa wino mwekundu: sahihi hailingani.

Nikaenda mwenyewe. Nilisubiri kwenye ngazi ya ofisi na wengine, ukuta unanuka vitambaa vipya na jasho. Karani alikuwa kijana anaitwa Otieno, mwenye miwani, nadhifu sana. Aliweka karatasi yangu kando ya ile ya zamani. Hata mimi niliona. Ya zamani ilikuwa ya mwanamke anayelima kutwa na jioni anaenda gumbaru. Ya sasa ilikuwa imekunjamana kama mtu anayesikia baridi.

"Mimi ni mgonjwa," nikasema, nikampa barua ya daktari.

Akaisoma yote. "Mama, hii barua inasema Dina Nekesa ni mgonjwa. Haisemi wewe ndiye Dina Nekesa."

"Na kitambulisho je?"

"Vitambulisho vya marehemu vinatembea mji mzima, Mama. Wiki hii nimeletewa viwili."

Mzee Cheruiyot alikuwa ameketi pale kando. Tumejuana tangu watoto wetu hawana meno. Nikamgeukia, mzima mzima. "Mzee, wewe hunijui?"

"Nakujua, Mama Barasa. Lakini karatasi haikujui." Alisema akiangalia viatu vyake. "Mwenyekiti aliyekuwa kabla yangu alikuwa anajua watu wengi sana. Hata wengine hawajawahi kuzaliwa. Ndiyo maana tulimtoa, na tukaweka sheria. Wewe mwenyewe uliinua mkono."

"Basi nipeni wino niweke kidole."

"Hiyo nayo uliinua mkono," akasema.

Wakanipa karatasi nyingine. Nilirudi Langas, nikalala bila kula.

Sasa hapa ndipo Rebeka aliingia. Sikujua. Alichukua cheti changu cha gumbaru, kile nimekiweka kwenye fremu, chenye sahihi yangu, akajifunza ile sahihi jikoni siku mbili tatu. Halafu akaiandika kwenye karatasi ya kampuni, akampa Barasa. Barasa akarudi anacheka. "Mama, imepita! Karani hata hakuuliza kitu."

"Imepita vipi? Mimi sijaandika."

Wakatazamana. Barasa akaanza kueleza mambo ya msaada na wakati kwisha. Nikamnyamazisha. Nikamwambia Rebeka aniandikie tena nione. Akaandika juu ya karatasi ya sukari. Dina Nekesa, herufi nene, mstari umerudi nyuma umenyooka, na jembe limekunjwa vizuri kabisa. Ilikuwa sahihi yangu kuliko mimi.

Sijui kama utanielewa. Kuibiwa si kitu. Lakini mtu achukue mkono wako wa zamani, autembeze mjini, na wote wauamkie, halafu wewe ukija unaulizwa wewe ni nani.

"Umenizika," nikamwambia.

"Mama, nimekusaidia! Ulitaka shamba liende?"

"Na siku ya kura? Nitaweka sahihi mbele ya watu wote. Nitakuja na mkono gani, huu wangu ama huo wako?"

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Baada ya hapo tulikaa nyumba moja hatuzungumzi. Asubuhi aliendelea kunifunga vifungo.

Siku ya kura ilikuja mahindi yakiwa yamekauka shambani. Mkutano ulifanywa kwenye bohari ya zamani ya mzungu kule Soy, kwa sababu ofisi isingetutosha. Nilikuwa nimepanga vidonge vyangu kama mtu anayepanga arusi. Nilimeza kabla ya kutoka, ili vifike wakati wa kuitwa. Nilipoketi, mkono ulikuwa umetulia vizuri. Rebeka alikuwa kando yangu, Barasa alikuwa kazini. Halafu mwenyekiti akaombea mkutano. Halafu kiongozi fulani kutoka mjini akahutubia. Halafu akatokea mwingine wa kumshukuru yule wa kwanza. Jua likapanda juu ya mabati. Wakaanza kuita majina, na N iko mbali, na kila mtu ana swali. Nikamsikia mgeni wangu anaaga. Kwanza kidole gumba, halafu mkono wote, halafu mguu.

"Mama, unacho kingine?" Rebeka akaninong'oneza.

"Hakitafika kwa wakati."

Wakaniita. Nilitembea kwa vihatua vidogo vidogo. Kwenye meza kulikuwa na Mzee Cheruiyot, kamati, na Otieno. Nikaandika. Karatasi ilikuwa inateleza, na jina likapungua, likapungua, mpaka likaisha.

Otieno akatoa ile iliyopita. "Mama, mwezi uliopita ulituletea hii. Nzuri kabisa, inalingana. Leo ni hii. Ni ipi yako?"

Nilimwona Rebeka kwa pembe ya jicho. Amejishika mdomo. Ningeweza kusema ile nzuri ni yangu, leo mkono umechoka, nipeni siku nyingine. Lakini siku nyingine ningekuja na nini? Ningekufa nikikimbiza sahihi ya mkono wa zamani.

"Hiyo nzuri si yangu," nikasema. "Ni ya mke wa mwanangu. Hii mbaya ndiyo yangu."

Bohari yote ikalipuka. "Mwizi!" mzee mmoja akapiga kelele nyuma yangu. "Si tulisema? Familia nzima!" Mwingine akasema, "Wekeni kwa orodha!" Mzee Cheruiyot akagonga meza mpaka kikombe chake kikaanguka.

"Mama Barasa," akasema polepole, "unajua umesema nini?"

"Nimesema kweli, Mzee. Alifanya hivyo kwa sababu ninyi mlikataa yangu. Nipeni karatasi. Nitaandika tena mbele ya macho ya wote."

Wakanipa. Niliandika mara tatu. Nilitoa jasho kama mtu anayechimba choo. Mzee akazitazama, akamsogezea karani, akatikisa kichwa.

"Hizi tatu hazifanani."

"Zinafanana," nikasema. "Zote zinatetemeka."

Kuna watu walicheka. Sikuwa nachekesha. Lakini Otieno hakucheka. Alitoa miwani, akaipangusa, akaivaa, akazitazama zile tatu muda mrefu. Halafu akamtazama Rebeka.

"Mama wewe, njoo hapa. Wewe ndiye unajua kuandika kama yeye?"

Rebeka akaja.

"Kama mtu mwingine anaweza kuiga sahihi ya mama huyu ya zamani, basi hiyo ya zamani haitulindi tena," Otieno akaiambia kamati. Akampa biro. "Sasa andika hii mpya. Kama utaweza, mnaenda wote kwenye orodha."

Akaandika. Nilisimama nikamtazama. Alijaribu kwa nguvu zake zote, masikini, maana nadhani hakuelewa ni afadhali ashindwe. Alitikisa mkono, na mistari ikatoka mikubwa, imepangana sawa sawa kama ukingo wa sweta. Akajaribu tena polepole, ikawa kama mtoto amechora milima. Mkono wa kijana haujui kutetemeka. Unajua kutikisika tu.

Otieno akaziweka pamoja, zangu tatu na zake mbili, akazipitisha kwa kamati. Zikaenda mpaka kwa watu wa benchi la mbele. Yule mzee aliyekuwa anapiga kelele ya mwizi akaishika karatasi karibu na pua. Nikaona mkono wake nao unatetemeka kidogo, na nikaona amejua kwamba nimeona. Akairudisha. "Ni yake," akasema. "Mpeni mama kura yake."

Mzee Cheruiyot akauliza kama kuna anayepinga. Nilisubiri. Sijawahi kusubiri hivyo hata hospitali. Hakuna aliyeinua mkono.

Mahali nyumba na kaburi zilipo hapakupigiwa kura. Kamati ilikuwa imeshaamua wote wenye makaburi wabaki napo. Sehemu ya kulima ndiyo nilichota kutoka kwenye kopo, na kopo likalia kama kayamba, na watu wakacheka tena. Safari hii hata mimi nilicheka, ingawa uso haukuniambia kama umeonekana.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, taratibu. Njiani Rebeka akasema, "Mama, nisamehe."

"Funga hiki kifungo, kimefunguka," nikamwambia. Akafunga. Yeye alielewa.

Sijapona. Wanaokwambia utapona wasikilize, halafu umeze dawa. Nimevuna mara moja tangu siku ile, na nilikaa kwenye kiti nikielekeza. Hati ilikuja baada ya mvua ndefu, na jina nililoandika kuichukua ni dogo kuliko lile la bohari. Otieno alilitazama, akasema, "Limepungua, Mama." Nikamwambia, "Na mimi pia." Akaweka nakala yake juu ya zile tatu. Ameniambia nikipita mjini kila baada ya mavuno nimwandikie moja, ili karatasi isinisahau.

Kwa hivyo wewe ambaye mkono umeanza, nakwambia mambo machache tu, nimechoka. Usiufiche. Ukipewa dawa, jifunze inafika lini na inaaga lini, na usimwamini mtu anayesema mkutano utaanza kwa wakati. Nenda benki, nenda kanisani, nenda kwa chifu, waone mkono wako unavyobadilika wakati bado wanakujua. Na mtu akija kukusaidia kuandika, kuna namna.

Haya yote ameyaandika Rebeka, mimi nikisema naye akiandika, na akiongeza maneno namwambia afute. Tumefika mwisho, na jina nitaandika mwenyewe. Ameshaleta biro. Alitaka kunishika kifundo cha mkono, nikamtoa.

Shika karatasi, nimemwambia. Mkono niachie.